Swali Alilolikwepa Wario

Siku ya kwanza niliingia katika wodi ya wagonjwa wa akili nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi na kalamu za kutosha kufungulia duka. Mgonjwa mmoja alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akamwambia Sista Mkuu, "Huyu naye mmempokea lini? Mpeni kitanda cha dirishani, ana wasiwasi."

Sista Mkuu hakucheka. "Amekupima vizuri," aliniambia. "Sasa vua hilo koti. Hapa tunazungumza na watu, hatuwatishi."

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini. Katika hospitali ya Garsen, karibu na Mto Tana, nilikuwa nimezoea kushona majeraha na kuzalisha akina mama, nikaenda Nairobi kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Huku nyumbani Kulesa mke wangu aliwaeleza majirani kwamba nimekimbia kupalilia mpunga. Hakukosea sana.

Kazi ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa kupima hali ya akili. Hakuna damu ya kuchukua. Unatazama mtu alivyovaa, unasikiliza anavyopanga maneno, unamuuliza kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kisha linakuja swali la kujiua, na hapo sote tulipiga chenga. Tuliuliza kama mgonjwa ana "mawazo mabaya". Mhadhiri wetu wa mafunzo ya vitendo, mama mfupi asiyependa porojo, alitukatiza.

"Mawazo mabaya yapi? Ya kuiba kuku? Taja neno lenyewe. Ukimuuliza humtii wazo hilo kichwani. Kama limo, limo."

Muhula wa mwisho nilirudishwa Garsen kwa mafunzo. Muuguzi Msimamizi alinipa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. "Wagonjwa wako hawatoki damu," alisema, "kwa hiyo angalau sakafu itabaki safi."

Ndipo Wario alipomleta kaka yake mkubwa, Galgalo, mfugaji wa Kiorma ambaye ukame ulimaliza ng'ombe wake wote. Galgalo alikuwa hali vizuri, hasemi na mtu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Wario akawa mkalimani. Tulikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye swali lile.

"Muulize kama anafikiria kujiua."

Wario aliangalia mlango. "Daktari, huyu ni kaka yangu. Mimi nikamwambie hivyo?"

"Si mimi ninayemwambia? Wewe unapitisha tu."

Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kwa adabu kama analala usingizi. Galgalo akajibu kwamba analala. Wario akanirudia, uso mkavu: "Amesema hapana. Hafikirii kabisa."

"Wario, umemuuliza usingizi."

"Ala! Kumbe Kiorma unasikia?"

Nilikisikia kidogo. Mama yangu alibadilishana ndizi kwa maziwa na akina mama wa Kiorma, kwa hiyo Kiorma changu kilikuwa cha maziwa na mifugo. Nikaamua kuuliza mwenyewe. Neno la kuua sikulijua. Nililokuwa nalo ni lile la kuchinja. Basi mimi, mwanafunzi wa uzamili, nikamuuliza mzee wa watu kama anataka kujichinja.

Galgalo alicheka. Wario aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu ng'ombe wa mwisho aanguke. Kisha kicheko kikaisha, akasema kwa Kiswahili chake, polepole:

"Kisu hapana. Mto."

Wario alijifunika uso kwa kitambaa cha begani, akalia pale pale kwenye kiti.

Galgalo alianza dawa, na Wario akahamia kwake. Miaka ikapita. Galgalo akawa anakuja kliniki mwenyewe, anaikosoa chai yangu kwamba maziwa yake ni ya kudanganyia watoto, nami naandika kwamba anaendelea vizuri. Ripoti niliyoandika kumhusu muhula ule ilikuwa imesifiwa chuoni. Nilipigiwa makofi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mto Tana ulifurika. Waliokuwepo walisema Galgalo aliingia majini kumfuata mbuzi. Mwili wake ulipatikana upande wa Idsowe. Baada ya mazishi Wario alinivuta kando.

"Daktari, mto ulimchukua, au aliuendea?"

"Sijui, Wario."

"Lakini wewe umesoma."

"Nimesoma. Sijui."

Nimestaafu sasa, magoti yamenitangulia. Wauguzi vijana wanaojiandaa kwa uzamili hunijia wakiuliza kama masomo hayo yana faida. Huwajibu ndiyo, na huwa namaanisha. Kisha nageuza mazungumzo kuwa ya mpunga, nao huaga.

Wiki iliyopita Wario alikuja Kulesa. Tulisalimiana kirefu: watu, mifugo, mvua, watu tena. Chai ikapoa.

"Shemeji yangu, mjane wa kaka, amenyamaza," alisema mwishowe. "Tangu tumzike mumewe. Anapika lakini hali chochote. Nifundishe lile swali."

"Wewe ndiye mwenye Kiorma."

"Maneno ninayo. Nifundishe kuyatoa."

Nikamwambia anitazame, alitaje neno lenyewe, kisha anyamaze asubiri jibu. Mara ya kwanza aliuangalia mlango. Mara ya pili aliuliza kuhusu usingizi, akajishtukia. Mara ya tatu alilisema lote, akinitazama machoni, na mimi niliyestaafu nikajikuta natafuta jibu.

Aliinuka. Nilimuuliza kama hangependa kumtuma mkewe, mwanamke kwa mwanamke.

"Hapana," alisema, akivaa viatu. "Nikimtuma mtu, ataenda kuuliza usingizi."