Inswa wa Ile Mashine

Harufu ya inswa, wale kumbikumbi, wakikaangwa sokoni bado hunifanya nizungukie njia nyingine.

Ng'ambo ya barabara yetu walijenga jengo refu, na mashine ilipigilia nguzo za chuma ardhini kutwa nzima, hadi masufuria yakatetemeka jikoni. Kambo, bibi yangu mzaa baba, alifurahi. Kijijini kwao, upande wa Sakania, watu walitwanga ardhi penye kichuguu ili inswa wadhani ni mvua, watoke. Akaweka beseni la maji penye kichuguu chetu, nyuma ya choo cha shimo.

"Mungoje tu. Mashine iko inatupigia ngoma ya bure."

Kichuguuni wakatoka inswa wachache. Chooni wakatoka mende, wanono, wamelowa uchafu wa shimo, wakajaa beseni. Kambo hakuwa akiona vizuri tena, nasi watoto tulikatazwa kumkumbusha. Akamimina wote kikaangoni, akatia chumvi, akanipa mimi kwanza.

"Kula, mutoto yangu. Iko na mafuta muzuri."

Baba alinikazia macho. Nikatafuna. Mguu mmoja ulinasa kati ya meno, na kila mashine ilipopiga, ulicheza.