Baba na Mataruma

Baba alivunjika nyonga wakati wa masika, na mpaka mahindi yanavunwa alikuwa hajakanyaga sakafu. Mfupa ulishaunga. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia bila kupindisha: asipotembea sasa, hatatembea tena. Nikamwekea fremu ya kutembelea kando ya kitanda. Akaifanya ya kuanikia taulo.

Mimi subira sina. Asubuhi moja nikamwambia, "Babu yako alibeba mzigo kutoka hapa mpaka Pwani kwa miguu, akarudi. Wewe choo tu kinakushinda." Ulimi hauna mfupa. Baba akageukia ukutani, hata uji akaukataa. Nikaenda kulia jikoni, kisha nikaazima gari la shemeji yangu, nikamwambia baba tunakwenda kupunga upepo.

Tulitoka mtaani kwetu Chemchem tukashika njia ya Urambo, reli ikitufuata, mara karibu, mara imejificha nyuma ya miyombo. Baba alifanya kazi ya genge la reli tangu ujana mpaka kustaafu, akikagua kipande chake kila siku, nyundo begani. Alinuna mwendo mrefu. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe. Hapa nyuki walilitimua genge zima, nyundo zikabaki relini. Pale walilala siku mbili wakichimbua tope la mafuriko.

"Wazungu hawakuitafuta njia hii," akasema. "Waliwakuta babu zetu wanaipita na pembe za ndovu, wakalaza chuma juu ya nyayo zao." Anavyojidai, utadhani alikuwepo. Nampenda sana akijidai.

Kwenye stesheni yake ya zamani kuna njia ya pembeni isiyopita treni tena, imeota majani. Nilisimamisha gari jirani kabisa ili aione vizuri. Akafungua mlango.

"Nishike," akasema.

Akaweka mguu kwenye taruma la kwanza, lile gogo linalolaliwa na reli. Halafu la pili. Mwendo ule niliujua: hatua fupi kwa mtu mrefu vile, zote sawasawa. Alitembea hivyo sokoni, alitembea hivyo kanisani kwenda kukomunika, na sisi watoto tulikuwa tunamfuata nyuma tukimwigiza, tunacheka. Mataruma ndiyo yaliyompimia hatua zake. Alikwenda saba, mkono begani kwangu, huku akiyatukana majani. Mimi nalia, yeye ananiuliza nani kafa.

Kabla ya kuondoka nilitandaza khanga yangu kutoka taruma moja hadi jingine, nikafunga fundo kipimo kilipoishia.

Kesho yake akagoma tena. Eti sakafu inateleza, haina pa kuweka mguu. Safari hii sikusema neno. Nilichukua chaki na ile khanga, nikapiga magoti, nikachora mistari ya kukingama kwa kipimo cha lile fundo, kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni. Baba akainua shingo kuchungulia.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita siku moyo wake ukiwa mweupe. Kwetu ni mama. "Huo wa tatu umepinda. Treni itaanguka."

"Njoo uunyooshe mwenyewe, baba. Mimi fundi wa wapi?"

 Akanyoosha mkono, akaondoa taulo kwenye fremu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mto.