Vibarua wa Bibi

Juzi nilipanda Sekei, kule nilikokulia, kumzika jirani wa zamani. Kurudi nyumbani nikakuta kishona nguo kimejaa kwenye pindo la kitenge changu, vile vijimbegu vyeusi vya kunasa. Nikavichomoa kimoja kimoja huku nikitukana. Uzee wote huu, bado sijalisamehe gugu lile, wala sijajisamehe mwenyewe.

Enzi za Mwingereza, pale Sekei penye nyumba za matofali sasa palikuwa shamba la maharage la bibi yangu, mzaa baba. Mgongo wake ulikuwa umeshapinda, na baba mdogo alikuwa amemtamkia waziwazi: "Mama, msimu utakaokushinda kupalilia, shamba nalichukua nipande kahawa." Mwana wa kumzaa mwenyewe, ebo!

Lakini hakushindwa, maana alikuwa na ujanja wake. Akishavuna, anamfunga mbwa kwenye mgomba, na sisi wajukuu marufuku kukanyaga shambani mpaka mvua inukie. Kwale walishuka alfajiri kwa makelele yao, wakachakura na kudonoa mbegu za magugu mpaka udongo ukabaki mtupu. Tukitaka kuwafukuza, bibi anatutishia kwa mwiko wa loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, bado unadondosha. "Waacheni vibarua wangu. Mbegu waliyomeza wao, mimi siiinamii tena."

Kisha akaja bwana shamba kutoka bomani, soksi zimefika magotini, akasimama mbele ya darasa letu akasema kwale ni wezi wa mazao, kila mwanafunzi alete vichwa. Hakumuuliza mkulima hata mmoja, mjinga yule! Nami, kwa kimbelembele changu, nilijua walipojaa. Nikasuka matanzi ya singa za mkia wa ng'ombe, nikawa nayatega kila bibi alipokwenda mtoni. Vichwa nikavitunga kwenye uzi wa katani. Mwalimu akanisimamisha, darasa zima likanipigia makofi, na mimi mpumbavu nikavimba kichwa.

Siku kwale walipokwisha nikampelekea bibi nyama yao, nikitegemea sifa. Akaitazama, akauliza, "Wote?"

"Wote, bibi."

Hakunichapa. Alisema tu, "Kamfungue mbwa."

Mvua zilipokuja, kishona nguo kiliota kabla ya maharage. Tulipalilia mimi na yeye mpaka viganja vikachubuka. Tukifika mwisho wa shamba, mwanzo umeshafunikwa. Baba mdogo alisimama kwenye kijia, mikono nyuma, akitutazama. Jembe hakushika. Hata mavuno hayajafika, akaleta miche yake ya kahawa.

Sasa hata hiyo kahawa haipo, wala kwale. Ni kuta na mageti tu. Watu huniambia, ulikuwa mtoto, sahau. Nisahau nini? Bibi alikufa akila maharage ya kuomba jikoni kwa mke wa mwanawe, na msibani baba mdogo akasimama mbele ya watu akasema magugu yalimshinda mama. Nilikuwepo. Nilinyamaza.