Uone, Usisikie

Mjukuu wangu wa kike nilimlea tangu akiwa na miaka miwili, pale Mirongo, chumba na sebule. Nasema bila haya: alikuwa na akili kuliko watoto wote wa nyumba ile ya wapangaji. Waliosema najisifu, leo wanakuja kwangu kumuulizia. Alipofika darasa la saba, katikati ya mwaka, akazima kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Chakula anakichezea. Twisheni, ambayo miaka ile kila mzazi aliikimbilia, akaanza kuikwepa. Nilimchapa kwa hilo. Nilimchapa mara mbili.

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa, vyama vya kujitolea vilikuwa vingi kama mitumba. Kimoja kiliwatafutia watoto walezi, watu wazima wa kuzungumza nao Jumamosi. Kwangu wakamtuma kijana mmoja, karani wa kinu cha pamba, kaja na tai na daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pita, baba, kaa."

Nikampa chai na michembe, viazi vyetu vya kukausha, nikamwita mtoto, nikatoka nikafunga mlango. Kwetu mazungumzo ya maana hayafanyiki mlango wazi. Mlango wazi ni wa dukani. Tena wapangaji wale, masikio yao! Sijafika kwenye kigoda, mlango ukafunguka. Nikarudi, nikafunga. Ukafunguka tena, safari hii kijana kauwekea stuli.

"We kijana, nyumba yangu inanuka?"

"Hapana, bibi."

"Au unaogopa kunguni?"

Mjukuu wangu akacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

"Bibi, mimi mgeni, tena mwanaume," kijana akasema. "Sikai na mtoto wa mtu mlango umefungwa, hata kama bibi yake ndiye anayenifungia. Kaa mahali utakapotuona. Uone, usisikie."

"Nisisikie, ndani ya nyumba yangu?"

"Usisikie, bibi. Hayo ni yake."

Nilinuna. Nikakaa ng'ambo ya ua na ungo wa choroko, nikawafukuza watoto wa wapangaji, macho yangu sebuleni. Kijana alikuwa kule ndani kabisa, meza katikati, mtoto ndiye karibu na mlango. Anauliza kidogo, ananyamaza sana. Midomo ya mtoto inaenda. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

Nikasimama, choroko zikamwagika. Kijana hakumgusa, hata mkono. Alinitazama mimi, akainua kiganja: subiri. Nimezaa watoto sita, na bado nasema kusimama pale kulikuwa kugumu kuliko uzazi.

Mwishowe akatoka. "Bibi, tulipoanza nilimwambia siri zake nitazitunza, isipokuwa moja: ikiwa kuna mtu anamuumiza, lazima mkubwa wake ajue. Amekubali. Ila anataka kukwambia mwenyewe." Akaenda kukaa kule mlangoni pa ua.

Mtoto akaja, akachuchumaa, akaanza kuokota choroko punje moja moja.

"Bibi, yule mwalimu wa twisheni anawaruhusu wenzangu, mimi ananibakiza. Anafunga mlango."

"Alikufanya nini?"

"Alinishika hapa." Akagusa bega. "Nikamuuma."

"Ulimuuma?"

"Mpaka akapiga kelele. Nikakimbia."

"Ewaa, mke mwenzangu!" Nilisema hivyo huku machozi yananitoka. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamsifu, bibi."

Kweli nilimsifu. Nilimpelekea na samaki, sato wawili wazima, na aliyetumwa kuwapeleka ni mtoto huyu huyu. Halafu akikataa kwenda namchapa.

Watu wa umri wangu hatuombi watoto radhi. Nilimwomba, pale pale chini, magoti kwenye vumbi.

"Usinichape tena," akasema.

"Sikuchapi."

Jumatatu yake tulikwenda wote watatu kwa mwenyekiti wa mtaa, na yule mwalimu hakufundisha tena mtoto Mirongo. Kijana aliendelea kuja kila Jumamosi, na mimi nikaendelea kukaa ng'ambo ya ua, sisikii kitu, nikiumia kwa umbea.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumatano ya wiki ile ile, saa ya twisheni. Mtoto alikuwa ameshavaa ndara, kasimama, hajui aende au asiende.

"Vua," nikamwambia. "Leo huendi popote."

Akavua. Akajilaza mkekani, mchana kweupe, na kabla sijamaliza kumenya viazi alikuwa anakoroma kama mzee. Nikawaambia wapangaji wazime redio.