Gata Isiyogusa Nyumba

Ukuta wa nyumba ya mama ulianza kuliwa kutoka kona ya chumba cha kulala. Gata, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, ilikuwa imetoboka juu ya kona hiyo, na kila mvua iliponyesha maji yalipita kwenye tundu na kupiga plasta ya saruji, mpaka plasta ikabanduka na udongo ukaanza kwenda. Nilipofika nyumbani kutoka Migori, fito za ukuta zilikuwa nje. Niliingiza vidole katikati ya fito mbili nikaugusa udongo wa ndani. Ulikuwa bado na unyevu, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Umeona," mama akasema. Halikuwa swali.

Nyumba hiyo, nje kidogo ya Ndhiwa, ilijengwa na baba. Kuta za udongo zilizopakwa saruji, paa la mabati, na pembeni tangi la saruji ambalo lilimwepusha mama na kazi ya kwenda mtoni na ndoo kichwani. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa amekataa kurithiwa. Kwetu sisi Wajaluo, mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe, nyumba yake haiguswi. Hairekebishwi, haiezekwi upya, haipigiliwi hata msumari mmoja. Anayevunja mwiko huo husemwa kuwa amejiletea chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hospitali haina dawa yake, na chira haichagui, inaweza kumwacha mwenye kosa ikamshika mjukuu. Tena nyumba ikianguka, mjane hajengewi nyingine mpaka mwanamume aingie kwanza. Kwa hiyo tulipokuwa tunatazama ile kona, sote wawili tulijua tunatazama nini. Ukuta ukianguka, mama ataingiziwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa baba mdogo, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Alikuwa mcheshi, alitupenda, na siku ya mazishi alilia mpaka sauti ikakauka. Ila alikuwa na koti. Lilikuwa koti la suti, la kijivu, mabega mapana, na alitembea nalo mkononi hata jua likiwaka. Kwa mjane aliyepita umri wa kuzaa, kama mama, wazee walikuwa wamelegeza masharti: si lazima mwanamume alale, inatosha koti lake litundikwe ndani ya nyumba usiku mmoja. Koti likilala, mjane amerithiwa na nyumba imepata mwenyewe. Miaka ile tulikuwa tunazika kila Jumamosi, wajane walikuwa wengi, na koti lile lilikuwa limeshalala kwenye nyumba kadhaa za ukoo wetu.

"Shemeji, ni koti tu," baba mdogo alikuwa akimwambia kila alipopita. "Koti halili, halisemi. Litalala kwenye msumari, asubuhi nalichukua, halafu unajengewa hata nyumba ya matofali."

Akishaondoka, mama alinijibu mimi badala yake. "Leo litalala koti. Kesho mwenye koti atakuja kulichukua, atakuta ugali umeiva. Kesho kutwa atauliza shamba la kule chini limelimwa kwa ruhusa ya nani."

Redio ilikuwa inasema mvua ya mwaka huo itakuwa kubwa kuliko kawaida. Ulikuwa mwaka ambao baadaye kila mtu aliuita wa El Niño, lakini sisi tulikuwa hatujalijua jina hilo. Tulijua tu kwamba mawingu yalikuwa yanajipanga mapema upande wa ziwa, na gata imeoza.

Mama alikuwa amejaribu kuiziba mwenyewe, kwa siri, akiwa amesimama juu ya tangi ili asiegemeze ngazi ukutani. Alitumia kitambaa na kipande cha sabuni ya mche, vile watu wanavyoziba sufuria. Mvua iliyofuata gata ikatoa povu, na kwa siku kadhaa chai yake ilikuwa na ladha ya kufua. Alinisimulia akicheka, nami nikacheka, lakini kona ilikuwa palepale.

Mimi nilisema tuite fundi aamue: ikizibika kwa lami na mpira wa tyubu, izibwe, isipozibika, iwekwe mpya. Nilisema kwa sauti ya mtu anayekaa mjini. Fundi akaja kutoka sokoni Ndhiwa, akapanda ngazi, akaigonga gata kwa bisibisi. Bisibisi ikapita hadi ng'ambo. Akasogea, akagonga tena, ikapita tena.

"Mama, hii si ya kuziba," akasema kutoka juu. "Ukiziba hapa inatoboka pale. Hii ni ya kutoa yote, na ubao wake pia. Mzee ako wapi tuongee?"

"Ongea na mimi," mama akasema.

"Nataka mwenye nyumba."

"Alifariki."

Fundi akatutazama, mama kisha mimi. "Na saa hii ni nani anakaa hapa?"

Tulijua anachouliza. Fundi akashuka polepole, kila kidato kwa mguu mmoja halafu mwingine, kana kwamba ngazi nayo imekuwa ya matanga. Akaifunga mikoba yake.

"Mimi niko na watoto, mama. Usinikasirikie."

Hata chai hakunywa. Nilipandwa na hasira nikataka kumrushia kikombe, na sikumrushia kwa sababu kilikuwa cha mama.

"Nitaleta fundi Mkuria kutoka Migori," nikamwambia mama. "Huyo mambo ya chira yetu hayamhusu. Apigilie mchana kweupe, kijiji kizima kisikie nyundo."

"Akimaliza atarudi kwao."

"Ndiyo, atarudi kwao."

"Na mimi nitabaki na nani? Mtoto yeyote wa boma hili akifa, hata kwa malaria, wataambiana ni misumari yangu. Watakuja kwenye matanga wakinitazama mikono."

Nitasema lililokuwa moyoni: niliogopa. Mimi niliyekuwa najifanya siamini, nilimwangalia binti yangu aliyelala mkekani, nikaziona mbavu zake zikipanda na kushuka, nikajiuliza kama alikuwa amekonda tangu tufike. Hakuwa amekonda. Lakini nilimwangalia.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja alasiri moja bila upepo. Tulikaa chumba cha kulala tukisikiliza maji yakipiga kona, na baadaye tukasikia kitu kikianguka nje, kizito, chenye sauti laini. Kipande cha ukuta, kikubwa kuliko karai, kilikuwa kimelala kwenye majani. Kupitia fito sasa uliweza kuona kitanda cha mama ukiwa uani. Mama alifunga tundu kwa gunia kwa ndani, na gunia halikuwa msumari, kwa hiyo hakuna aliyesema kitu. Baba mdogo alipita kesho yake, akalitazama gunia, akalihamisha koti kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akasema pole sana shemeji, akaendelea na safari.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama amesimama chini ya paa akiwa na panga. Nilishtuka.

"Nikuulize," akasema. "Gata ni ya nyumba au ni ya tangi?"

"Ya nyumba. Imepigiliwa kwenye nyumba."

"Sikuulizi imepigiliwa wapi. Nakuuliza ni ya nani. Nyumba haina haja ya maji, inayamwaga. Anayeyataka ni tangi. Na tangi si nyumba. Umewahi kusikia mtu amelala kwenye tangi?"

Nikaanza kuelewa. Hataiziba ya zamani, na hataibadilisha. Hiyo iliwekwa na mumewe, itabaki pale ilipo mpaka idondoke yenyewe. Chini yake atasimamisha nyingine, pana, ikalie nguzo zake zenye panda zilizochimbiwa ardhini, ipokee kila kinachovuja na kukipeleka kwenye tangi. Nguzo zitakuwa za kwake, atazikata mwenyewe kwa panga hilo, ardhi ni ile anayolima kila siku, na hakuna mahali popote gata hiyo itakapogusa nyumba.

"Na ikigusa?" nikauliza.

"Isiguse."

Nilirudi Migori kutafuta bati. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa Mwislamu mmoja kutoka pwani, mzee wa Kiswahili kilichonyooka, ambaye alizoea kuniuliza habari za nyumbani kabla ya kuuza chochote. Nilimwambia nataka gata pana kuliko anazouza.

"Upana huo, bibiye, mbao za paa hazitaubeba."

"Haitapigiliwa kwenye paa."

"Basi itasimama wapi?"

"Kwa miguu yake."

Alinitazama juu ya miwani, nikamweleza kwa kifupi. Hakucheka, na nikampenda kwa hilo. Alimwita fundi wake wa bati, akamwagiza akunje kwa upana wa sinia, na viungo avikaze kwa risasi ya kulehemu visivuje. Kuna mjane anayeitegemea kazi hiyo, alimwambia. Gata ilisafiri juu ya lori la miwa lililotoka kiwandani Awendo likirudi tupu mashambani, nami nikiwa mbele na dereva, nikigeuka kila tuliporuka shimo.

Mama alikuwa ameshachimba mashimo na kusimamisha nguzo. Tuliipandisha gata sisi wawili, tukaiweka kwenye panda, tukaifunga kwa waya. Kati yake na ile ya zamani palibaki nafasi ya kiganja. Tulikuwa hatujanawa mikono baba mdogo alipoingia uani na wazee wawili wa ukoo. Habari zilikuwa zimefika. Koti lilikuwa mkononi.

"Shemeji," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na utani. "Umegusa nyumba ya ndugu yangu."

"Sijaigusa."

"Basi tutaona. Kama umeigusa, unajua kinachofuata. Koti linalala humu leo, tusafishe mambo kabla mtoto hajaugua."

Alisema mtoto akimtazama binti yangu. Nilimvuta mtoto nyuma yangu.

Alianza upande wa mlango. Aliingiza mkono kati ya gata mbili, kiganja kikiwa kimelala, akatembea nao polepole kuelekea kwenye tangi. Mama alitembea nyuma yake. Wazee walitembea nyuma ya mama. Nilikuwa nasikia kidole chake kikikwaruza kutu. Alipita nguzo ya kwanza, akapita ya pili na ya tatu. Kwenye kona, pale udongo ulipokuwa umelowa kwa miezi, nguzo ilikuwa imeinama kidogo na kuinua ukingo wa gata. Mkono ukakwama.

Baba mdogo akageuka. "Hapa inagusa."

"Mkono wako ni mnene," mama akasema.

"Inagusa, shemeji. Wazee wameona."

Mama alifungua leso yake kiunoni, akabaki na gauni. Akaingiza ncha ya leso kwenye ule mwanya kwa upande mmoja, akazunguka nguzo, akaishika upande wa pili, akaanza kuivuta. Leso ikapita, ikapita, kisha ikanasa. Ilikuwa imeshikwa na ncha ya kutu. Mama hakuivuta kwa nguvu. Aliirudisha kidogo, akaipeperusha kama anayekung'uta makapi, akavuta tena, na leso yote ikatoka, ikiwa na mstari wa kahawia katikati.

Mzee mkubwa kati ya wale wawili aliitazama leso. "Haigusi," akasema.

"Haigusi," yule mwingine akaitikia.

Walimngoja baba mdogo. Akapangusa kutu kidoleni. "Haya. Haigusi. Hiyo si nyumba."

Mvua ilikuwa imeshafika kwenye miwa ya jirani, tuliisikia ikija. Wazee wakakimbilia ndani, nami nikambeba mtoto nikawafuata. Baba mdogo alikuja nyuma amejifunika koti kichwani. Alipofika mlangoni alimkuta mama amesimama kizingitini.

"Karibu, shemeji, chai iko tayari," mama akasema. "Koti liache."

"Niliache wapi, na mvua hii?"

"Litundike kwenye nguzo. Si umesema mwenyewe hiyo si nyumba?"

Alisimama pale maji yakimshuka shingoni. Angeweza kwenda zake, boma lake lilikuwa karibu. Sijui ni baridi, au ni wazee waliokuwa wanamtazama, au ni ule upendo wake kwetu ambao sikuwahi kuutilia shaka. Alirudi kwenye kona, akalitundika koti kwenye panda ya nguzo, akaingia na shati.

Alikunywa chai akiwa amejikunyata. Mlango ulikuwa wazi, na sote tuliweza kuona mikono ya koti ikining'inia na kuchuruzika, na juu yake maji yakikimbia ndani ya gata hadi kwenye tangi, yakinguruma. Kona haikupata hata tone. Wazee walizungumza kuhusu bei ya mahindi.

Mvua ilipopungua, mama alimsindikiza baba mdogo mpaka langoni, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Alilitoa koti kwenye nguzo na kulibeba yeye mwenyewe, amelishika mbali na mwili wake. Walipofika langoni hakumpa mara moja. Alilikunja, akalikamua kwa nguvu zake zote, bega hadi mkono, mpaka likaacha kutoa maji, akalikung'uta, halafu akamkabidhi.