Mpiga Pasi na Mwalimu wa Kwenye Simu

Wenzake wametoka kwenda kula. Mama Pasi, kama anavyoitwa na wote katika chumba hiki cha kufulia nguo za hoteli, anaegemeza simu kwenye rundo la mashuka, anavuta gitaa kutoka chini ya meza na kufungua video.

"Vizuri sana! Sasa tuendelee," anasema mwalimu wa kwenye simu.

"Ahsante, mwalimu," anajibu mama huyu wa miaka hamsini na mbili, bila chembe ya utani.

Mwalimu hamjui wala hamsikii. Lakini tangu binti yake wa pekee aolewe mbali, hakuna mwingine anayemwambia vizuri sana.

"Nikirudi nyumbani ni mimi na kuta," ananiambia. "Nilidhani mtu mwenye gitaa hawezi kukosa wenzake."

Bando linammalizia hela ya chakula, ndiyo maana hatoki na wenzake. Nao hawajawahi kuuliza kilichoko chini ya meza.

Mwezi uliopita alipiga moyo konde, akaenda kwa fundi redio wa mtaani kwake, ambaye jioni hupiga gitaa na rafiki zake. Alikaa, akapiga. Wimbo ulitoka sawasawa, lakini wanaume wale walikuwa hoi kwa kicheko.

"Mama, gitaa umelishika kinyume!" fundi alimwambia.

Kumbe alimwiga mwalimu kama anayejitazama kwenye kioo. Shingo ya gitaa ilielekea kulia kwa simu, naye akaielekeza kulia kwake. Nyuzi zikawa chini juu, akapindapinda vidole akitafuta kila sauti kwa sikio. Kazi ya mwaka mzima.

Alijikaza kisabuni, akacheka nao. Nyumbani alilia.

"Sikulia kwa sababu ya kuchekwa," anasema, akikunja upya shuka ambalo tayari limekunjwa. "Nililia kwa sababu mwaka mzima hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniona nikikosea."

Jumamosi hii atarudi kwa fundi, amfundishe. Namwambia anaweza kuendelea hivyo hivyo, wapo wanaopiga namna hiyo. Hataki hata kusikia.

"Nikianza upya itabidi akae ubavuni kwangu, anielekeze kidole kimoja kimoja," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Na safari hii, ndugu mwandishi, sina haraka ya kuelewa."