Maneno Mawili kati ya Matano

Kaka yangu Renard Guillory alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana kwa helmeti, miaka kumi na mmoja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwangusha mwenye mpira. Hapa mjini kwetu Opelousas mpaka leo wapo wanaume wanaosimulia alivyokuwa akiwakunja watu. Mimi husikiliza tu huku nikila wali wangu.

Kila mwaka kabla ya msimu, daktari wa timu aliwasomea wachezaji maneno matano wayakariri, akaandika alama. Mchezaji akigongwa kichwa, anasomewa tena. Alama zikishuka, anakaa benchi. Basi wakongwe wakamfundisha ujanja: kosea makusudi mapema, ili baadaye alama zisiwe na pa kushukia.

"Leo nimepata mawili!" alitutambia mezani. "Mimi ndiye mjinga wa timu!"

"Hapo hukuigiza," nikamwambia. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, siwezi kukana.

Sasa ana miaka arobaini na sita. Huweka viatu kwenye friji. Mara mbili amepotea akienda kanisani, mtaa wa pili tu. Mkewe Yvette hawezi kwenda kazini na kumchunga kwa wakati mmoja. Mfuko wa wachezaji wastaafu ungetoa muuguzi wa kukaa naye, mradi daktari aandike kwamba akili yake imeshuka.

Tukampeleka. Daktari akasoma: kijiko, farasi, limau, mlango, sindano. Renard alijitahidi kweli. Jasho lilimtoka, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kijiko," alisema. "Farasi."

Tulisubiri. Hakuna lililofuata.

Daktari akafungua faili la zamani. "Mawili. Na miaka ile yote, mawili. Kwa karatasi hizi, hajashuka."

"Alikuwa anadanganya, daktari!" Yvette alipaza sauti. "Wote walikuwa wanadanganya!"

"Nakuelewa, mama. Lakini mimi naandika ninachokiona."

Yvette akanigeukia. "Wifi, sema kitu basi!"

Nilitarajia hasira, maana hasira ninayo ya kugawa, lakini sikusikia chochote, ganzi tupu. Nilichukua kofia ya Renard nikamvalisha.

Kwenye gari alinigusa bega. "Célie, nimepata mangapi?"

"Mawili, kaka."

Akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.

"Safi. Basi Jumapili nacheza."